Gari Langu Linakunywa Maji, na Mafundi Watatu Wamenipa Majibu Matatu

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mkazi wa Mbezi, Dar es Salaam, na ninamiliki Mazda RX-8 ya mwaka 2005, ya giaboksi ya mkono, niliyoinunua miaka mitatu iliyopita kwa mtu aliyeiagiza kutoka Japani.

Mwezi Julai nilisafiri na familia kwenda Iringa. Hadi Ruaha Mbuyuni gari lilikwenda vizuri, lakini tulipoanza kupanda Kitonga nyuma ya semi-trela lililokuwa likijikongoja, sindano ya joto, ambayo tangu ninunue gari hili haijawahi kuondoka katikati, iliruka ghafla hadi mwisho wa juu. Nilisimama pembeni, nikazima injini, nikasubiri karibu saa nzima, kisha nikafungua kifuniko cha maji kwa kitambaa. Tangi la plastiki lilikuwa tupu. Nilijaza chupa nne za maji ya kunywa za lita moja na nusu, tukafika Iringa polepole, na siku tatu baadaye tukarudi salama.

Tangu hapo gari linakunywa maji. Kila baada ya siku mbili au tatu ninaongeza kama nusu lita, na pale ninapoliegesha sijaona hata tone sakafuni. Fundi wa kwanza aliitoa themostati, kile kizibo kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, akidai kwamba nchi za joto haziihitaji, na tangu aitoe gari linachemsha upesi zaidi. Fundi wa pili alifungua kifuniko cha oili, akanionyesha povu jeupe kama maziwa mgando, akasema gasketi ya hedi imeungua, kwa hiyo hedi ishushwe ikachongwe. Fundi wa tatu aliliwasha, akalisikiliza kwa dakika moja, akasema injini hizi hazitengenezeki, bora nitafute injini ya pistoni aipachike.

Asubuhi linawaka kwa kutetemeka, linamisi kwa sekunde kama ishirini huku likitoa moshi mweupe, halafu linatulia. Mke wangu anasema ni baridi ya alfajiri. Kuna mambo mengine ambayo pengine si muhimu. Nikifungua kifuniko cha maji asubuhi kabla ya kuwasha, kinatoa pumzi kama soda inayofunguliwa, ilhali injini imelala usiku kucha. Taa ya upungufu wa maji ilikuwa ikiwaka tangu mwaka jana, nikaambiwa ni sensa tu. Na ile plastiki pana ya chini ya bampa la mbele ilitolewa siku ya kubadilisha oili, bolti zake zikakatika, haikurudishwa.

Naomba kujua ni fundi yupi anayesema kweli, kama ninaweza kuendelea kwenda nalo kazini Posta huku nikiongeza maji kila asubuhi, na kama nitumie ile dawa ya unga ya kuziba rejeta inayouzwa madukani.

Mwenye RX-8, Mbezi

JIBU

Ndugu yangu wa Mbezi,

Nianze na fundi wa pili, kwa kuwa alitaka kukutoza fedha za kuchonga kitu ambacho gari lako halina. Injini hiyo haina silinda hedi, yaani kile kifuniko kinachokaa juu ya silinda za injini za pistoni. Haina pistoni wala vali. Ni injini ya mzunguko, ya aina aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel, na ambayo Mazda ilianza kuiuza mwaka 1967 ndani ya gari lake la Cosmo Sport. Ya kwako ni ya ukoo wa 13B, yenye rota mbili za pembe tatu, kila moja ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 654, zinazozunguka ndani ya nyumba mbili za alumini zilizobanwa kati ya kuta tatu za chuma cha kutupwa. Vipande hivyo vitano vimeshikwa pamoja na bolti ndefu zinazovipitia vyote kwa urefu, kama kijiti kinavyopita katika nyama za mshikaki.

Hata hivyo, nimtendee haki fundi huyo: kitu amekikosea jina, lakini wazo lake kwamba maji na moto vimekutana halikuwa la ovyo. Pale ambapo kila nyumba ya alumini inagusana na ukuta wa chuma, kuna pete mbili nyembamba za mpira, ya ndani na ya nje. Ya nje huzuia maji yasitoke nje ya injini, na ya ndani huyatenga na chumba cha moto. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa, na katika injini hii upande mmoja wa nyumba huwaka moto muda wote, huku upande wa pili ukipokea hewa baridi muda wote, kwa hiyo hata gari likiwa halina tatizo pete hizo huishi katika kuvutwa na kusuguliwa. Gari likichemsha sawasawa hata mara moja, mpira huo hukauka na kuwa mgumu, na hapo ndipo maji yanapopata mwanya.

Lakini ushahidi wa jambo hilo hauko kwenye povu aliloliona. Katika RX-8 bomba la kujazia oili ni refu na hukaa mbali na joto la injini, hivyo mvuke wa kawaida huganda humo na kuchanganyika na oili, hasa kwa gari linalotembea safari fupi fupi za mjini. Nimeona magari yenye afya njema kabisa yakiwa na povu hilo. Chomoa kijiti cha kupimia oili: kama oili ya chini ni safi na ina rangi yake, lisahau povu la juu.

Ushahidi uko kwenye lile jambo uliloandika kwamba pengine si muhimu. Maji yakipata joto hutanuka na kujenga presha ndani ya mfumo, na ndiyo maana tunaonywa tusifungue kifuniko injini ikiwa moto. Ila presha inayotokana na joto peke yake huondoka joto linapoondoka, na injini iliyolala tangu saa mbili usiku, alfajiri haina sababu ya kupumua. Ikiwa bado inapumua, humo ndani kuna gesi isiyorudi kuwa maji, na katika injini inayofanya kazi gesi ya namna hiyo hutoka kwenye chumba cha moto. Unganisha sasa na mtetemo wa asubuhi. Injini inapofanya kazi, mlipuko husukuma gesi kuingia upande wa maji. Ukiizima, mlipuko hakuna tena, lakini presha iliyobaki kwenye maji bado ipo, kwa hiyo mwendo unageuka na maji yanasukumwa taratibu kuingia chumbani usiku kucha. Asubuhi plagi za rota moja zimelowa, rota hiyo inakataa kuwaka hadi iyatapike yale maji kupitia ekzosi, na hizo ndizo sekunde zako ishirini na moshi wako mweupe. Mwambie mama kwamba baridi ya Mbezi haina nguvu kiasi hicho.

Ninasema haya nikiwa mbali na gari lako, na kuna mambo mawili yanayoweza kufanana na hali hiyo. RX-8 ikiwashwa na kuzimwa kabla ya kupata joto, kwa mfano ukiisogeza tu ili gari jingine lipite, plagi hulowa petroli na asubuhi yake huwaka kwa shida. Koili zake za plagi nazo huchoka mapema na kuifanya imisi. Tofauti ni kwamba moshi wa petroli hunuka petroli, na koili mbovu hukusumbua zaidi barabarani unapokanyaga mafuta kuliko alfajiri peke yake. Moshi wa kulanti, yaani yale maji ya dawa ya kupoozea injini, una harufu ya utamu-utamu, lakini dalili hiyo umeipoteza mwenyewe bila kujua: tangu Kitonga unaongeza maji matupu, na maji matupu hayana harufu wala rangi, wala hayaachi alama ya ukoko pale yanapovujia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuurudisha ushahidi. Rudisha themostati, kisha mwaga maji yote na ujaze kulanti inayofaa injini za alumini, nusu kwa nusu na maji ya mvuke ya aina inayouzwa kwa kuongezea betri (si tindikali yake). Usitumie maji ya kisima, kwani visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi ikikutana na alumini na chuma kwa pamoja hula kingo zilezile zinazoshika pete. Jaza polepole, washa injini ikiwa na kifuniko wazi, minyaminya mpira mkubwa wa juu wa rejeta hadi hewa iache kutoka, ongeza, halafu funga.

Siku inayofuata, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko ili pumzi yote itoke, kifunge tena, washa, na ushike mpira ule wa juu kwa kiganja. Katika dakika ya kwanza injini haijapata joto la kutosha kutanua chochote. Ukiuhisi unakuwa mgumu kama tairi la baiskeli lililojazwa vizuri, gesi inaingia. Ukibaki laini na kukaza kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, tuliza moyo kwanza, huenda tatizo liko nje.

Kipimo cha pili kinahitaji pampu ya mkono yenye geji, ambayo gereji nzuri za rejeta wanayo. Hufungwa mahali pa kifuniko injini ikiwa baridi na kupandishwa hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, bila kuizidisha. Kama sindano inashuka, chukua tochi na utafute rangi ya kulanti: kwenye mshono wa tangi la plastiki, ambalo katika magari ya umri huu hupasuka mara nyingi sana, kwenye maungio ya plastiki na alumini pembeni mwa rejeta, kwenye tundu dogo chini ya pampu ya maji, na kwenye mipira myembamba inayopita nyuma ya injini, mahali ambapo tone huanguka juu ya chuma cha moto na kukauka kabla ya kufika sakafuni. Hapo ndipo gari huweza kupoteza nusu lita huku sakafu ikiwa kavu.

Kama sindano inashuka na nje hakuna kitu, acha presha hiyo usiku kucha. Asubuhi chomoa plagi zote nne, mbili za kila rota, uziweke mezani kwa mpangilio huku ukiziandikia zimetoka wapi, kata umeme wa koili na wa pampu ya petroli, kisha mtu apige stata kwa sekunde chache. Maji yakiruka kwenye tundu la plagi, hakuna tena la kubishania. Ukipata kamera ndogo ya waya, ichungulize ndani pia, kwani rota inayoingiwa na maji husafishwa na mvuke na kung'aa, wakati mwenzake amebaki mweusi kwa masizi. Ipo pia dawa ya kimiminika ya rangi ya buluu, ambayo hewa ya juu ya maji hupitishwa ndani yake injini ikiwa inaunguruma na hugeuka kuwa ya njano ikikutana na gesi ya moto. Ni kipimo kizuri ukimpata mwenye nacho, ingawa mwanya mdogo sana huweza kukikwepa kwa siku moja, kwa hiyo jibu la «hakuna gesi» lisikutoe wasiwasi wote kama dalili za asubuhi zinaendelea.

Fundi wa kwanza ndiye aliyekudhuru zaidi, japokuwa alikuwa na nia njema. Desturi ya kutupa themostati imeenea sana kwetu, na kwenye baadhi ya magari haileti madhara ya haraka. Kwenye injini za ukoo huu themostati ina kazi mbili: inapofunguka, takribani kwenye nyuzi 82, hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo sahani yake ya pili huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kuiona rejeta. Ndiyo maana joto lilizidi baada ya kazi yake badala ya kupungua.

Huyo wa tatu sina mengi ya kusema juu yake. Injini hiyo hutengenezeka, ila si kwa kusikilizwa dakika moja.

Sasa turudi Kitonga, kwa sababu ukibadilisha pete bila kujua kilichozichoma, utazibadilisha tena. Katika RX-8 sindano ya joto haisemi ukweli wote. Mazda waliipanga ikae katikati kwa upana mkubwa wa joto ili isimtie dereva hofu, na inapoanza kupanda injini huwa imeshapata joto la kudhuru. Ulifika chini ya mlima ukiwa na mambo mawili ambayo sindano haikukuonyesha. La kwanza ni taa ya maji. Ni kweli kwamba sensa ya tangi hilo hufa, lakini aliyekuambia ni sensa tu alipaswa kufungua kifuniko na kutazama kwa macho, na ninashuku kwamba tangi au kifuniko kilikuwa kinavuja kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mfumo unaovuja haushiki presha: chini ya presha ya baa 0.9 maji hayachemki hadi karibu nyuzi 118, lakini yakiwa wazi, katika miinuko ya Iringa, huchemka hata kabla ya nyuzi 100.

La pili ni ile plastiki ya chini ya bampa. Haikuwekwa kwa urembo. Inaelekeza upepo upite ndani ya rejeta, na isipokuwapo, gari likiwa katika mwendo sehemu ya upepo huo hukimbilia chini ya injini. Kwa hiyo tambarare yote kutoka Mikumi ulikuwa ukikusanya joto, kisha ukaingia mlimani kwa mwendo wa kutambaa, mahali ambapo kazi yote huangukia feni za umeme. Kazipime feni hizo leo: washa kiyoyozi gari likiwa limesimama na uhakikishe zote mbili zinazunguka, kwani feni moja au relei yake ikifa, hutagundua katika safari za kawaida. Pia piga magoti utazame vipoza oili vilivyo chini mbele. Rota hupoozwa ndani kwa oili, maji hayazifikii, na vipoza vilivyojaa vumbi, nyasi na wadudu ni sawa na kupunguza rejeta. Vioshe kwa maji ya mwendo mdogo, kwa sababu pampu kali hukunja mapezi yake.

Kama vipimo vikithibitisha pete ya ndani, injini lazima ishushwe na kufunguliwa yote. Kabla ya kukubali gharama hiyo, ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa chumbani, na hapa uwe mkali: geji ya kawaida ya pistoni huonyesha kilele kimoja tu, wakati kila rota ina nyuso tatu na unahitaji kuziona zote. Mazda huweka kima cha chini cha takribani kilopaskali 680 kwa mizunguko 250 ya stata kwa dakika. Kama nyuso zote sita bado zina nguvu, injini yako ni ya kubadilishwa pete na sili (vile vipande vinavyoziba kingo za rota), si ya kutupwa. Ikifunguliwa, zibadilishwe pete zote na si ile iliyoharibika peke yake, kuta za chuma zipimwe kama zimepinda, maana kinachovumiliwa ni sehemu chache tu za mia za milimita, na usikubali mtu azipeleke kuchongwa kiholela, kwa kuwa nyuso zake zimetiwa ugumu ambao mashine ya kuchongea huuondoa. Mtafute fundi aliyewahi kuifunga injini ya namna hii kwa mikono yake, umwombe akuonyeshe gari linalotembea.

Kuhusu kwenda Posta na kurudi, jibu ni hapana. Foleni ya Kimara au ya Mwenge, kwa injini isiyoshika presha na isiyo na themostati, ni Kitonga nyingine kila siku, na kila likichemsha, pamoja na mpira, springi ndogo zinazobana sili za rota hupoteza nguvu, na hapo kazi ya kubadilisha pete inakuwa kazi ya kununua injini. Kuna hatari nyingine pia ya kulipigia stata likiwa na maji mengi chumbani. Panda daladala au mwendokasi kwa wiki hizi mbili. Ukilazimika kulisogeza hadi gereji, likokotwe, au nunua kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi na kuonyesha joto halisi kwenye simu, kisha uzime injini kabla haijafika nyuzi 105. Kifaa hicho kiache humo hata baada ya matengenezo.

Dawa ya unga usiitumie. Njia za maji katika vipoza na rejeta ni nyembamba, na unga huo hauchagui tundu la kuziba. Pete ya ndani hupigwa na mlipuko upande mmoja na maji upande wa pili, kwa hiyo dawa hushika kwa siku kadhaa tu, halafu inakuachia rejeta iliyoziba na fundi anayelazimika kukwangua uchafu huo katika kila njia ya maji atakapofungua injini.

Fanya kwanza kipimo cha mpira wa juu, ambacho hakigharimu chochote, kisha cha usiku, na uniandikie plagi zilizolowa zilikuwa za rota ya mbele au ya nyuma.